Kilo Nne

Baba yangu, Naum Grinspan, hakuuza mabaki kwa mita.
Aliyapima kwa mizani, kama nyama.
Mtaa wa Once, Buenos Aires, duka la vifungo na bitana,
na ndani ya mtoto wa meza, daftari la wadaiwa:
kila jina limekatwa kwa mstari mwekundu,
kila jina, isipokuwa moja.
Yun. Kilo nne. Atalipa.

Leo Ezequiel, mpwa wangu, anamwoa Eun-bi Yun,
na wiki tatu nzima tumegombana juu ya paa.
Si juu ya Mungu. Si juu ya chakula
(chakula tulipatana mapema: samaki).
Kwetu wachumba husimama chini ya hupa,
chandalua juu ya miti minne, pande zote wazi,
nyumba iliyosahau kuta zake.
Nami nilitaka talit ya baba iwe dari,
ile shali ya sala iliyogeuka rangi ya chai,
kona moja imeliwa na nondo.
Shangazi wa upande wa pili walitaka hariri,
nyekundu kwa samawati,
na bata wawili wa mbao mezani, na kunazi za kurusha.
Mpambaji akaja na kompyuta yake
akatuonyesha maua meupe ya plastiki:
“Haya hayamuudhi mtu.”
Hapo ndipo koo mbili zilipokubaliana kwa mara ya kwanza.
Tukamfukuza.

Tukaitandaza talit juu ya miti. Ikapelea.
Shibiri tatu huku, shibiri tano kule.
Baba alikuwa mtu mfupi.

Kesho yake akaingia Bibi Ok-bun,
miaka themanini na miwili,
Kihispania chake cha sokoni tu, namba na matusi.
Akakung’uta mfuko wake mezani:
vipande vimeshikana na vipande,
bitana ya koti la kijivu, kola isiyopata shati,
rami nyembamba kama ganda la kitunguu,
na mshono usio na ndani wala nje.
Nilikigeuza kitambaa mara mbili nikitafuta mafundo,
sikuona hata moja.
Ila mstari wa buluu niliutambua.
Ni bitana ya mwaka sabini na nane.
Nilikuwa na miaka tisa. Mizani nilishika mimi.

Hakukata hata uzi wa talit.
Aliuliza kwa kidole kuhusu matamvua ya kona nne,
nikatikisa kichwa: hayaguswi.
Akayazunguka kwa sindano
kama apitaye karibu na mtoto aliyelala.
Ile kona ya nondo aliitazama sana,
kisha sindano akaniwekea mimi mkononi.
Nilishona vibaya. Inaonekana hata kwa mbali.

Saa nane jua likapenya lile paa
likamwaga miraba: kijani shavuni mwa Ezequiel,
zambarau kwenye mkono wa vazi la bi harusi,
manjano juu ya upara wa rabi.
Mimi nilishika mti mmoja, Bibi Ok-bun wa jirani yake,
naye hanifiki begani,
basi mbingu yote ya maharusi ikainamia kwake
na hakuna aliyethubutu kumwambia inua.
Glasi ikavunjwa. Kunazi zikarushwa.
Moja ikampata rabi sikioni.

Baadaye, watu wakicheza,
nikampelekea daftari na kalamu nyekundu.
Akasoma jina lake kwa mwandiko wa marehemu,
akalipitishia kidole gumba, polepole, mara moja.
Kalamu akaikataa.
Akainua vidole vitatu, akaonyesha paa:
“Tatu.”
Kisha kidole kimoja.
Kisha mikono yote miwili ikapita mgongoni,
ikarudi mbele, ikafunga fundo la hewa kifuani,
naye akamtazama Eun-bi, akanitazama mimi.

Kilo moja ameibakiza.
Ya mbeleko.